Viatu vyako vilikuwa mkononi mwangu

Neema mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, mara ya mwisho nikiwa nje peke yangu ili baba yako asiuone uso wangu. Umeniuliza mambo mawili. La kwanza, wenzako wa hospitali hapo Hamburg wamechangishana fedha kwa ajili ya shule ya watoto wasiojiweza nje kidogo ya Arusha, na mwezi wa sita wanataka kuja kujitolea wiki tatu, wewe uwe mkalimani wao. Uje nao? La pili ulilisema harakaharaka mwishoni, kama mtu asiyetaka lisikike: ile picha yako ya darasa la pili uliyorudishiwa na mfadhili wako. Umesimama peku mbele ya ukuta wa shule, na unakumbuka wazi kwamba ulikuwa na viatu.

Nianze na viatu, maana jibu la swali la kwanza limo humo humo.

Viatu vyako vilikuwa mkononi mwangu, Neema. Nilisimama nyuma ya mlango wa jiko la shule nimevishika. Vilikuwa vyeusi, vya mkanda, mtumba lakini vizima, baba yako alivinunua soko la Kilombero Jumamosi moja alipolipwa hela ya kokoto. Mkuu wa shule alikuja jikoni mwenyewe akaniambia, "Mama Neema, mvue mtoto viatu na sweta, wapiga picha wamefika." Sikuuliza kwa nini. Nilikuwa na miezi minne tu tangu nianze kupika pale, na wewe ulipokelewa bila ada kwa sababu ya kazi yangu ile. Nikapiga magoti, nikakuvua. Ulicheka kwa kuwa sakafu ilikuwa baridi. Ulipokimbia kwenda kupigwa picha mimi nikabaki navyo, ndani bado vina joto la miguu yako.

Barua iliyokwenda na picha ile ilikuwa ya Kiingereza, sikujua imeandikwa nini. Nilikuja kujua miezi kadhaa baadaye, mfadhili wako alipotuma kadi yenye maua meupe na mwalimu wenu akanitafsiria. Alikuwa anakupa pole kwa kufiwa na baba. Kadi ile niliifunga kwenye pindo la khanga nikaja nayo nyumbani. Baba yako alikuwa amekaa kizingitini, miguu ndani ya beseni, anaosha vumbi la machimboni. Akaniuliza leo mtoto amefundishwa nini. Nikamwambia, hesabu za kujumlisha.

Nilinyamaza, mwanangu, na kwa hilo nakuomba radhi. Niliogopa utafukuzwa, nami nifukuzwe. Mwaka ulipomaliza kidato cha nne ndipo nilipomwomba mwalimu yule yule aniandikie barua ya kweli, nikasema baba wa mtoto yu hai na ni mfanyakazi hodari. Yule mama, mfadhili wako, alijibu kwa mistari mitatu. Alisema amefurahi sana, anamsalimu baba, na ada ya kidato cha tano ataituma kama kawaida. Kwa hiyo usije ukamkasirikia hata siku moja. Alidanganywa kama tulivyodhalilishwa sisi, na bado hakuondoa mkono wake.

Sasa hiyo safari.

Ukiwa jikoni darasa hulioni, lakini unalisikia. Miaka tisa niliyopika pale nilisikia hesabu ikianza upya kila baada ya wiki tatu: moja mpaka kumi kwa Kiingereza, rangi, siku za juma. Akija volontia mpya, yaani mgeni wa kujitolea, anaanzia pale pale alipoanzia aliyeondoka, kwa kuwa hakuna aliyemwachia daftari. Siku moja nikimgawia makande mtoto mmoja wa darasa la kwanza, nikamuuliza mbona leo mmeshindwa kusema nyekundu na wiki iliyopita mliijua. Akanijibu, "Tunaijua, mama. Ila tukijifanya hatujui halafu tukajua, mwalimu anafurahi." Mtoto wa miaka saba huyo, anamtunza mgeni moyo! Na mwalimu wao mwenyewe, aliyesomea kazi, yuko nyuma ya darasa anasahihisha madaftari na mshahara wake haujaingia kwa miezi miwili.

Siku ya kuagana ilikuwa kilio. Watoto wanang'ang'ania shingo ya mtu, analia naye, anaondoka. Jumatatu anashuka mwingine garini na wao wanakimbilia shingo hiyo nyingine. Nimelea watoto watatu, najua mtoto aliyetulia hamkimbilii mgeni hivyo.

Sisemi wageni ni wabaya. Alikuja mama mmoja wa makamo, hakwenda darasani kabisa. Aliingia jikoni kwangu, moshi ukamtoa machozi, akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika, "Wewe nahitaji nini?" Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza vile. Nikamwambia jiko. Akamtafuta fundi wa hapa hapa, likajengwa jiko banifu la matofali lenye bomba la kutolea moshi, na mzigo wa kuni uliokuwa ukiisha kwa siku mbili ukawa unakwenda nne. Kisha alirudi kwao na kila mwezi akatuma mshahara wa mwalimu mmoja, miaka mitano mfululizo. Hatukuwahi kupiga naye picha.

Umesema kipeperushi cha wenzako kimeandika kwamba watoto ni yatima, wanalala hapo hapo, na bila wageni wasingeenda shule. Kila nikisikia neno yatima najiuliza baba yako alikuwa wapi siku ile. Hata jirani zetu Kenya mwaka 2017 walisimamisha usajili wa vituo vipya vya watoto kwa hofu ya biashara ya watoto. Na hilo la kwamba wasingesoma halisimami. Ada ya sekondari ya serikali uliyoikuta wewe, kidato cha kwanza mpaka cha nne, 20,000 kwa mwaka kwa kutwa na 70,000 kwa bweni, ilifutwa kuanzia Januari 2016, na ya msingi ilifutwa zamani zaidi. Mimi niko kwenye kamati ya shule ya hapa mtaani, najua kinachomrudisha mtoto nyumbani sasa hivi ni sare, madaftari, uji wa saa nne, na kukosa mwalimu wa hisabati.

Halafu mwezi wa sita, Neema! Wewe umesoma huku. Mwezi wa sita shule zimefunga. Watoto gani hao watakaofundishwa wiki tatu nzima wakati wenzao wako nyumbani kwa bibi zao? Hilo peke yake lilinikosesha usingizi.

Na waambie wazi kwamba kujitolea si utalii. Mgeni anatakiwa kibali, wenye kukaa wanapewa kile cha ukaazi cha daraja C. Kama aliyewaalika amewaambia viza ya matembezi inatosha, huyo anawaingiza matatani.

Nisikukatishe tamaa ya kutoa, maana ipo mifano ninayoiheshimu. Hapa hapa Moshono, shule ya St Jude ilianza mwaka 2002 na wanafunzi 3. Mwanzilishi wake ni Gemma Sisia, wa kutoka Australia, na mpaka leo fedha nyingi zinatoka kwao huko. Siku hizi wanasoma zaidi ya 1,800. Kinachonifurahisha mimi si majengo. Kabla ya kumpokea mtoto wanafika nyumbani kwao, wanaona anapolala, wanaongea na mzazi. Mzazi yumo. Na vijana wao wakimaliza kidato cha sita wanapewa nafasi ya kujitolea mwaka mzima, wengi wakifundisha katika shule za serikali, hisabati na sayansi, masomo yale yale tunayolilia walimu wake. Huyo ni volontia ambaye mtoto akikosea kwa Kiswahili anamwelewa.

Na alikuwapo yule mama wa Sweden, Hilde Back, mwalimu wa chekechea. Alikuwa Myahudi aliyekimbia Ujerumani akiwa binti, wazazi wake wakafia kwenye kambi za Wanazi. Alimlipia mtoto wa Kikenya asiyemjua, Chris Mburu wa kijiji cha Mitahato, Kiambu, kama dola 15 kwa muhula. Mtoto akasoma Chuo Kikuu cha Nairobi, akafika Harvard, akawa mwanasheria wa haki za binadamu Umoja wa Mataifa. Mwaka 2001 akaanzisha mfuko wa kusomesha watoto wengine, akauita kwa jina la Hilde Back kabla hata hawajaonana uso kwa uso. Alipokuja Kenya mara ya kwanza hakuja kumfundisha mtu rangi. Alikuja kupokewa kama bibi wa kijiji.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: usije nao mwezi wa sita. Wenzako waambie fedha zisirudi mifukoni, na nauli zao waziongeze humo. Mwenye shule aulizwe namba ya usajili ya Wizara, majina ya walimu na wanalipwa lini, na kama mzazi anaruhusiwa kuingia siku yoyote bila miadi. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri aulizwe kama anaijua shule hiyo. Mwenye shule akisita kwenye moja ya hayo, fedha ziende penye mwalimu na uji, nami nitawaonyesha pa kuzipeleka. Akijibu yote vizuri, wamlipie mwalimu mmoja, na wakubaliane miaka, si wiki. Na picha za watoto wasizitake.

Wewe njoo mwezi wa nane, peke yako, shule zikiwa wazi. Ukaingie hapo, ukae na wapishi kwanza. Wakikuogopa, utajua.

Sijangoja ruhusa yako. Jumatano mimi na Mama Eliya tutapanda Hiace mpaka hapo mahali. Nimemwambia tutajifanya tunatafutia mjukuu nafasi, akacheka, ila nimeghairi. Nitasema ukweli kwamba binti yangu ameombwa fedha na nimekuja kuangalia. Nitakuandikia siku hiyo hiyo.

Baba yako jana nilimwambia habari ya kadi. Miaka yote hii, nikaona bora ayasikie kwangu. Alikaa kimya mpaka chai ikapoa, kisha akauliza kama yule mama aliyetuma kadi bado yu hai. Anataka umpigie simu, umwambie viatu alinunua yeye.

Mama yako