Kinga mizizi kwanza: bustani ya kibarazani Dodoma

Saa tisa alasiri niliingiza vidole kwenye ndoo ya nyanya nikavitoa haraka. Udongo ulikuwa wa moto kama ugali ulioepuliwa sasa hivi. Ilikuwa Oktoba, mwaka wangu wa kwanza Dodoma. Kwa wiki mbili nilikuwa namwagilia asubuhi na jioni bila kukosa, na miche bado ilikuwa inasinyaa. Nilishaamini ni ugonjwa, hata dawa nilikuwa nimenunua. Kumbe mizizi ilikuwa inapikwa.

Nimekulia Lushoto, ambako ukungu wa asubuhi unakufanyia nusu ya kazi. Huku mvua huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kukatika Aprili, na kwa mwaka mzima hufika kama milimita 570 hivi. Miezi inayobaki ni jua, vumbi na upepo. Kibaraza changu ni cha saruji, mita 3 kwa 5, kinatazama magharibi, na saruji hiyo hubaki na joto mpaka usiku umeingia. Watu wakitaka kuanza bustani ya nyumbani huniuliza habari za mbegu. Mimi huwaambia tuanze na chombo, kwa sababu kwenye joto kavu mmea wa ndoo hufia chini kabla hujafia juu.

Shambani mizizi hukimbilia chini kwenye ubaridi. Kwenye ndoo haina pa kukimbilia. Ikikua hugonga ukuta, kisha inazunguka hapo hapo ukutani, na ukuta ndio unaopigwa na jua. Ndoo ikiwa nyeusi, kama zilivyokuwa zangu, unakuwa umeweka mmea wako kwenye sufuria. Maji ya jioni hayaponyi kilichoungua saa nane mchana.

Aliyenifungua macho ni mama mmoja jirani, mkulima wa siku nyingi wa mlenda na karanga. Alipita akanikuta nimeinama, nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akasimama anaangalia. "Mwanangu," akasema, "hizi ndoo umezipanga kama askari wa gwaride. Zisogeze zikae pamoja, zitiliane kivuli." Nilizisogeza jioni ile ile. Baadaye nikaongeza na mengine: nikazipaka chokaa nyeupe kwa nje, nikaziinua juu ya matofali ili zisilale kwenye saruji, na mstari wa upande wa magharibi nikauzungushia viroba vya salfeti vilivyojazwa majani makavu. Mstari huo huo nimepanda bamia na kunde, mimea isiyoogopa jua, ili iwakinge wenzake walio nyuma. Wiki iliyofuata nilishika udongo saa tisa ile ile, ukawa vuguvugu tu.

Juu ya udongo weka matandazo, na usiyaonee huruma. Watu hutandaza majani mawili matatu wakaita matandazo. Nataka unene wa vidole vinne: nyasi kavu, maganda ya karanga, mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa. Acha nafasi kidogo kuzunguka shina lisije likaoza.

Udongo wetu mwekundu peke yake ukikauka kwenye ndoo huwa tofali. Mimi nachanganya ndoo mbili za udongo, ndoo mbili za samadi ya mbuzi, na ndoo moja ya maganda ya mpunga yaliyochomwa mpaka yakawa meusi, si majivu. Samadi iwe imeoza kabisa, ukiishika isiwe na joto wala harufu kali. Mbichi itaunguza miche, na hapo utalaumu jua bure. Kama kibaraza chako kiko ghorofani, kumbuka ndoo ya lita 20 yenye udongo uliolowa hufika karibu kilo 30, kwa hiyo zipange karibu na kuta na nguzo, usizirundike katikati.

Sasa maji, na hapa ndipo nina la kusema zaidi. Kwetu maji ni ya mgao, kuna wiki yanatoka siku mbili tu, na simtanki la lita 1,000 ndilo linalobeba nyumba nzima. Siwezi kuoga nusu ndoo halafu nyanya zinywe ndoo tatu. Kilichoniokoa ni vyungu vidogo vya udongo vya kawaida, vile ambavyo havijapakwa rangi. Ninachimbia kimoja katikati ya beseni kubwa mpaka ibaki shingo tu, najaza maji, nafunika kwa kisahani. Chungu hutoa jasho polepole kupitia ngozi yake. Udongo ukikauka unavuta, ukilowa unaacha. Juu kunabaki kukavu, kwa hiyo jua halipati cha kunyonya, na magugu hayaoti. Ukichimbua baada ya msimu utaona mizizi imekikumbatia chungu kote, imekisuka kama wavu. Chungu cha lita mbili kinanifikisha siku tatu kwa miche minne ya pilipili hoho. Kifuniko usikisahau, la sivyo unafuga mbu.

Ndoo zisizo na chungu namwagilia kabla jua halijatoka, polepole, mpaka maji yatokeze kwenye matundu ya chini. Kumwagia kidogo kidogo kila saa ni kuifundisha mizizi ikae juu, mahali pabaya kuliko pote. Kabla ya kumwagilia, chomeka kidole mpaka kiungo cha pili. Kukiwa na unyevu, ondoka. Nyanya ukiziachia kiu leo na kuzizamisha kesho, zitakuja na kitako cheusi kilichooza, na hakuna dawa ya dukani itakayolitibu hilo. Maji ya kuoshea mchele na mboga yote huenda bustanini.

Maji ya visima vingi vya huku yana chumvi. Ukiona ukoko mweupe kwenye mdomo wa ndoo au ncha za majani zimekauka, mwaga maji mengi mara moja yatiririke mpaka chini ili chumvi itoke. Mvua za kwanza za Desemba zikija, sogeza ndoo zote zinyeshewe. Vyungu navyo visugue kwa brashi, maana chumvi huziba ngozi yake.

Kalenda nayo ina neno lake. Oktoba na Novemba ndiyo miezi ya joto kali, na nyanya ikichanua wakati huo hudondosha maua. Siku hizi nasia mbegu za nyanya Machi, nahamisha miche Aprili, nazo zinazaa Juni na Julai wakati usiku una baridi ya kujifunika blanketi. Sukuma wiki na giligilani pia ni za miezi hiyo. Ila ndio msimu wa upepo, na upepo mkavu hunyonya majani kuliko jua lenyewe, basi funga mkeka au mabua ya mtama upande unaotokea. Joto likirudi nahamia kwenye mchicha, mgagani, bamia na kunde. Mgagani hasa nausifu: unaota wenyewe, unavumilia, na uchungu wake ukipikwa na maziwa au karanga hausahauliki. Mchicha wa kung'oa huwa tayari wiki ya tatu au ya nne, kwa hiyo anayeanza aanze nao, apate moyo.

Mdudu wa ukame ni utitiri mwekundu. Geuza jani, ukiona vidoa vya njano na utando mwembamba kama wa buibui, ndiye. Hapendi unyevu, hivyo nampiga maji chini ya majani asubuhi, siku tatu mfululizo. Akikaidi natwanga majani ya mwarobaini, nayaloweka usiku kucha, nachuja, naongeza sabuni kidogo, nanyunyiza jioni jua likishazama.

Leo asubuhi nimechuma hoho sita na mgagani wa sufuria nzima. Nusu ya mgagani nimempelekea yule mama jirani. Ameniuliza kama vyungu ninavyochimbia bado vinapatikana sokoni, anataka viwili vya miche yake ya mipapai.