Acha kunakili mradi mzima kila unapotaka senario mpya

Kwenye kompyuta yangu ya zamani kuna folda tano: Ruvu, Ruvu mpya, Ruvu mpya 2, Ruvu mwisho, Ruvu mwisho kabisa. Kila moja ni mradi kamili wa WEAP, programu ya kupanga mgawanyo wa maji kutoka Taasisi ya Mazingira ya Stockholm. Nikitaka senario mpya, yaani picha ya hali itakavyokuwa jambo fulani likibadilika, mfano Bwawa la Kidunda kwenye mto Ruvu litaisaidiaje mitambo ya maji ya Ruvu Juu na Ruvu Chini inayolisha Dar es Salaam, nilikuwa nanakili mradi wote, naongeza bwawa, naupa jina jipya, basi.

Siku ya kuonyesha matokeo Kidunda likawa la miujiza, mito yote imejaa hata Oktoba. Mzee mmoja mezani, mtu aliyelizoea bonde kwa miguu, akauliza, "Kijana, Ngerengere nayo imejaa kwa nini? Kidunda haliko huko."

Ngerengere ni tawi la Ruvu linalopita Morogoro. Nikatafuta usiku kucha. Matumizi ya maji ya mkazi wa Morogoro nilikuwa nimeyaandika ya siku moja, mahali panapotaka ya mwaka. Kosa hilo nilishalirekebisha zamani, ila katika nakala nyingine. Nakala yenye Kidunda ilikuwa bado inainywesha Morogoro nzima kijiko kimoja.

Tangu hapo nina mradi mmoja tu. Data zote naziingiza kwenye mwaka wa msingi, juu yake inakaa senario ya rejea, yaani mambo yakiendelea kama yalivyo, na nyingine zote huzaliwa humo: Kidunda, upotevu wa maji kupungua, na chini ya Kidunda, Kidunda wakati wa ukame. Mtoto hurithi kila kitu kwa mzazi, kwa hiyo ukisahihisha juu, chini kote kumesahihishika. Bwawa lenyewe lichore mara moja kwenye ramani, ondoa alama ya kwamba lipo mwaka wa msingi, kisha ulipe mwaka wa kuanza kazi ndani ya senario yake tu.

Halafu angalia rangi. WEAP huandika kwa nyekundu ulichoingiza mwenyewe kwenye senario hiyo, na kwa nyeusi kilichorithiwa. Senario yangu ya Kidunda ikiwa na nyekundu mahali pasipohusu bwawa, najua nimegusa nisichotakiwa. (Ningelijua hili mapema, mzee yule asingeniumbua.)

Kasi ya ongezeko la watu iweke mahali pamoja, kwenye makadirio makuu (Key Assumptions, sehemu ya namba zinazotumiwa na mradi mzima), miji yote isome hapo. Senario usizozihitaji leo zizime, hesabu ziende haraka. Kabla ya badiliko kubwa, hifadhi toleo na uandike sentensi moja ya sababu.

Mkiwa wawili, mradi ushikwe na mmoja kwa wakati. Sisi tunaulizana kwa WhatsApp, "Ruvu iko kwa nani?", na asiye nayo anasubiri.