Kifaa cha sauti hakimfanyi mtoto bubu

SWALI: Mwanangu wa miaka sita ana mtindio wa ubongo na hasemi. Anatumia kishikwambi chenye picha zinazotoa sauti, lakini anabonyeza "maji" na "chakula" tu. Akikasirika anapiga mayowe na kujing'ata mkono. Bibi yake anasema kifaa kitamfanya bubu moja kwa moja. Tukiondoe?

JIBU: Msikiondoe, mama. Hofu ya bibi naisikia kila mara, na ndiyo inayowanyima watoto wengi sauti. Watafiti Millar, Light na Schlosser walipopitia mwaka 2006 tafiti kuhusu vifaa na njia nyingine za kuwasiliana bila kusema, katika visa 27 vyenye ushahidi thabiti zaidi hawakukuta hata kimoja ambacho usemi ulipungua. Katika vingi uliongezeka, japo kwa kiasi.

Mwanao hana neno la hasira kwenye kioo cha kishikwambi, basi analitoa kwa meno. Mwekeeni vitufe vinne: "sitaki", "acha", "naumia", "nimekasirika". Sauti ya kompyuta husoma hasira na furaha kwa mlio uleule, kwa hiyo rekodini wenyewe. Tafuteni mtoto wa rika na jinsia yake, zimeni feni, simu ikae kama sentimita 15 kutoka mdomoni, naye aseme "acha!" kama anavyomwambia mwenzake aliyemnyang'anya mpira. Kitufe kikishapata mahali pake msikihamishe. Vidole vikiteleza, funikeni kioo kwa plastiki ngumu yenye matundu juu ya kila kitufe.

Halafu bonyezeni ninyi. Chai ikimwagika, bonyeza "nimekasirika" mbele yake, uendelee kufuta meza. Msimwamrishe "haya, bonyeza umefurahi". Huko ni kumtahini. Akianza tu kukunja uso, mwonyeshe kitufe na usubiri kimya sekunde 10, maana mayowe yakishapanda hawezi tena kutafuta picha. Akibonyeza "acha", acheni kweli. Na kifaa kisichukuliwe kamwe kama adhabu.

Kinachoniudhi ni wanaokula fedha za wazazi. Kukata uzi wa chini ya ulimi hakumpi usemi mtoto ambaye shida yake iko kwenye ubongo. Wengine wanauza muziki wa kusikiliza kwa hedifoni, eti unafungua masikio na lugha. Chama cha wataalamu wa usemi na usikivu cha Marekani kilitamka mwaka 2004 kwamba tiba hiyo haijafikia vigezo vya kisayansi. Kabla ya kumlipa yeyote kati yao, mpelekeni mtoto akapimwe usikivu hospitalini.