Faili la megabaiti 9 lililogandisha kompyuta ya gigabaiti 8

Mwezi wangu wa pili kazini nilipewa GIF, yaani picha inayocheza, ya tangazo la duka la vitenge. Sekunde 12, fremu (picha moja moja) 25 kwa sekunde, upana 1920 na urefu 1080. Mteja alitaka jina la duka libadilishwe rangi, basi. Faili lilikuwa la megabaiti 9, nikaona hii ni kazi ya dakika tano. Nikaiachia ImageMagick, programu ya kuhariri picha kwa amri, nikatoka kununua chai. Niliporudi kipanya hakisogei, taa ya diski inawaka bila kupumzika, na kazi nyingine ambayo sikuwa nimeihifadhi ilikwenda na maji.

Ninyi mnaoanza, pigeni hesabu ambayo mimi sikuipiga kabla ya chai.

Ukubwa unaouona kwenye folda si ukubwa wa picha ikiwa kazini. Ndani ya diski GIF imebanwa: fremu moja ina rangi zisizozidi 256, na mara nyingi huhifadhi kile kipande tu kilichobadilika. Programu ikitaka kuihariri huifungua yote, na hapo ni kama belo la mitumba: kata kamba uone nguo zinavyojaa chumba. Fremu yangu moja ilikuwa na pikseli, zile nukta za rangi, 2,073,600. Kwa baiti 4 kila pikseli, hiyo ni megabaiti 8.3. Mara fremu 300, gigabaiti 2.5. Tena hiyo ndiyo bei nafuu. ImageMagick 7, ile inayosambazwa kwa kawaida, hutumia baiti 16 kwa pikseli moja, kwa hiyo nilikuwa nadai karibu gigabaiti 10 kwenye mashine yenye memori ya 8, na kivinjari kilikuwa kimeshakula fungu lake.

Memori ikiisha, kompyuta huanza kuhamishia mzigo kwenye diski. Kama diski yako ni ya zamani, ile inayozunguka, utadhani mashine imekufa kumbe inabeba ndoo moja moja. Usiizime kwa hasira. Jaribu kwanza kuisimamisha programu yenyewe.

Dawa kubwa ni kupunguza kabla ya kuhariri, wala si baada. Gawa upana na urefu kwa mbili, kazi inashuka hadi robo. Toa fremu moja kati ya kila mbili, inabaki thumuni. Ile gigabaiti 10 yangu ingekuwa gigabaiti 1.2 na kidogo, na kitenge kingepepea vizuri tu. (Ukitoa fremu, ongeza muda wa zilizobaki mara mbili, la sivyo tangazo litakimbia kama linafukuzwa.)

Kwenye GIMP, programu nyingine ya kuhariri picha, kila fremu ni leya, yaani tabaka lake peke yake, na kila unachobadilisha kinaacha kumbukumbu ili uweze kurudi nyuma. Kwa GIF ndefu, hizo hatua za kurudi nazo zinakula memori. Zipunguze kwenye mipangilio.

Siku hizi kazi ndefu nampa FFmpeg, programu ya amri ya kushughulikia video, kwa sababu husoma fremu, ikaiandika, ikaendelea na nyingine. Ila kuna mtego. Maelekezo mengi utakayoyakuta yanaunganisha palettegen (inayotengeneza paleti, orodha ya rangi za GIF) na paletteuse (inayoitumia) katika amri moja. Inapendeza machoni, lakini fremu zote zinabaki zikisubiri kwenye memori mpaka paleti ya rangi ikamilike. Zifanye amri mbili: ya kwanza itoe paleti kama picha ya PNG, ya pili iitumie.

Wanaotumia Linux ya Ubuntu au Debian wanaweza kukutana na ImageMagick inayogoma mapema, ikilalamika kwamba akiba ya picha imekwisha. Huo ni ukomo wa matumizi uliowekwa kwenye policy.xml, faili la mipangilio ya ImageMagick. Utaambiwa na wajuaji uufute. Mimi sikushauri, uongeze kidogo kidogo, maana ndio unaozuia yaliyonikuta mimi.

Na kabla ya yote hayo, muulize mteja picha inakwenda wapi. Wa vitenge alikuwa anaitaka kwa ajili ya WhatsApp, ambayo yenyewe hutuma GIF kama video fupi ya MP4. Nilimtengenezea video kutoka kwenye rekodi ya awali, ikatoka safi kuliko GIF, na jina la duka likawa jekundu kama alivyotaka.