Maswali na Majibu: Kutunga Fumbo la Maneno Likafumbulika

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwa watu waliochoka kujaza mafumbo ya wenzao na sasa wanataka kutunga ya kwao. Zilizouliza jambo moja nimeziunganisha.

Kila nikichora fumbo la maneno, juu mambo yanakwenda vizuri, lakini nikifika kulia kabisa au mstari wa chini nakwama. Ninatumia mraba wa 7 kwa 7 wenye visanduku vyeusi vichache sana, kama ninavyoona kwenye mafumbo ya Kiingereza. Nakosea wapi?

Hukosei popote, lugha ndiyo inayokukatalia. Karibu kila neno la Kiswahili huishia kwa irabu. Ukiyapanga maneno ya mlalo yakaishia mahali pamoja, safu ya mwisho kulia itakuwa irabu tupu kutoka juu hadi chini, na safu hiyo nayo inatakiwa iwe neno. Mstari wa chini kabisa ni hadithi hiyo hiyo. Katika mraba wa herufi tatu unaweza kuponea chupuchupu:

J U A
U T U
A U A

Mraba huu unasomeka vilevile kwa mlalo na kwa wima. JUA na UTU hayana tatizo. AUA ni namna nyingine ya kusema "anaua", na nimeipitisha kwa kuwa sikuwa na pa kukimbilia. Sasa panua hadi herufi nne, uanze kutafuta neno la irabu nne mfululizo. Mimi naliona UUAO, kama katika "ugonjwa uuao", na atakayelikuta kwenye fumbo lako atakuwa na haki ya kununa. Saba usijisumbue.

Mafumbo unayoyaiga ni ya mtindo wa Marekani. Gazeti la New York Times, lililoanza kuchapisha fumbo la maneno mwaka 1942, siku za kazi hutumia mraba wa 15 kwa 15 ambamo kila herufi inapitiwa na neno la mlalo na la wima. Kiingereza kinaweza kubanwa hivyo kwa sababu maneno yake mengi huishia kwa konsonanti. Uingereza walizoea mtindo mwingine, wa kimia: neno hukutana na mwenzake kila baada ya herufi moja, na katikati kuna kisanduku cheusi. Chukua huo, unatukaa vizuri zaidi. Na wala hakuna amri kwamba lazima uwe na mraba. Fumbo la Arthur Wynne lililotoka katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913, ambalo ndilo huhesabiwa kuwa mwanzo wa mchezo huu, lilikuwa na umbo la almasi lenye uwazi katikati.

Jambo la pili: anza na maneno, visanduku vije baadaye. Chagua maneno mawili marefu unayoyapenda, ya herufi tisa hadi kumi na moja, yavukishe, kisha ning'iniza mengine juu yake. Vijineno vya kuzibia mapengo Kiswahili kinavyo tele: ila, ama, ota, iga, uza, ari, asi. Visanduku vyeusi utaviweka mwisho, panapobaki. Wapo wanaotaka mchoro ukigeuzwa juu chini ubaki vilevile. Unapendeza ukiwa hivyo, ila mimi siwezi kuharibu neno zuri kwa ajili ya mapambo.

Fumbo langu lina maneno ya kila siku tu, hata mtoto anayajua. Lakini watu wanalalamika kwamba ni gumu. Inakuwaje?

Umetuma mchoro pamoja na barua, nami nimeutazama. Kasoro iko kwenye makutano.

Chukua neno lako SAFARI. Limepangwa konsonanti, irabu, konsonanti, irabu mpaka mwisho. Katika mchoro wako linavukwa kwenye herufi ya pili, ya nne na ya sita. Maana yake, mfumbuaji akishajaza maneno yote yanayolivuka anabaki na hiki: _A_A_I. Hapo panaingia safari, bahari, habari, hatari, tayari, samaki, kabati, farasi, karani, na sijamaliza. Makutano hayajamsaidia kitu. Sogeza neno hilohilo kisanduku kimoja ili livukwe kwenye herufi ya kwanza, ya tatu na ya tano, naye ataona S_F_R_. Mimi nayaona mawili tu ya kujaza hapo, safari na sifuri, na dokezo lako litaamua.

Ndiyo siri kubwa ya fumbo la Kiswahili: konsonanti ndizo zinazobeba habari. Tuna irabu tano tu na zinajirudia kila mahali, hasa A. Kila unapoweza, fanya maneno yakutane kwenye konsonanti. Angalia tu maneno yanayoanza na irabu, kama elimu na amani, maana mpangilio wake umesogea hatua moja. Angalia pia yenye konsonanti mbili pamoja, kama simba na mchana, kwa kuwa yanavunja zamu katikati ya njia.

Shikamoo mwalimu. CH na NG' ziwe kisanduku kimoja au viwili?

Marahaba. Viwili: C peke yake, H peke yake. NG' nayo iandike N na G, ritifaa uiache, maana kisanduku cha ritifaa hakivukiki na neno lolote. Ukitaka kuzifanya kisanduku kimoja si dhambi, ila sema mapema juu ya fumbo, na uwe hivyo kwa herufi zote za aina hiyo: SH, DH, TH, GH, NY. Anayebadilisha katikati anawadhulumu watu.

Vidokezo vyangu vinasomeka kama kamusi. "Mnyama mkubwa mwenye mkonga." "Chombo cha kuandikia." Nitavitia vipi chumvi?

Vichache vya namna hiyo vibaki, vinampa mtu pa kuanzia. Lakini usivijaze fumbo zima.

Hazina yetu iko kwenye maneno yenye maana zaidi ya moja: kaa, paa, ua, panda, chungu, kima, mbuzi. Na Kiswahili kina kitu cha ziada, nacho ni ngeli. Neno likiwa lilelile, upatanisho hubadilika kufuata maana. Kwa hiyo unaweza kuondoa nomino yenyewe ukaacha upatanisho uzungumze. Mfano:

*La nyumba limetulia, wa porini anakimbia (herufi 3).*

Jibu ni PAA. "La" na "wa" ndizo zilizofanya kazi yote. Mfumbuaji akiipata anacheka, na hata asipoipata, akionyeshwa hawezi kusema ameonewa. Hicho ndicho kipimo changu cha dokezo: jibu likishajulikana, lionekane lilikuwa wazi muda wote.

Namna nyingine ni kulificha jibu ndani ya dokezo lenyewe, likipita kutoka neno moja kwenda lingine:

*Waliolala mitini wameificha, magari yanaikanyaga (herufi 4).*

Soma "waliolaLA MItini" taratibu utaiona LAMI. Dokezo la aina hii lina sehemu mbili, maana na mchezo, na zote mbili lazima ziongoze kwenye jibu moja. Ukiandika mchezo bila maana umemwacha mtu gizani.

Kuna sheria moja ambayo sina mzaha nayo: umbo la dokezo lilingane na umbo la jibu. Jibu likiwa SOMA, dokezo ni "pitia maandishi kwa macho". Ukiandika "kupitia maandishi kwa macho", jibu limeshakuwa KUSOMA na visanduku havitoshi. Dokezo la umoja lisilete jibu la wingi. Na tafadhali, usitunge dokezo ambalo jibu lake linajulikana nyumbani kwako tu.

Nilitoa herufi I-L-A-M watu wazipange upya. Yakaja majibu manne tofauti na kila mmoja anadai ushindi. Nani kashinda?

Wote. Tena wamebakiza moja kama hesabu yangu ni sahihi: mali, mila, lami, lima na imla.

Kiswahili ndivyo kilivyo. Silabi zetu ni fupi na wazi, ukizichanganya mara nyingi zinatua zikiwa neno. Habari ikawa bahari, kilima ikawa kimila, boma ikawa omba na mbao, samaki ikawa masika, na ukizembea ikawa kamasi. Kwa hiyo usitoe herufi zikiwa uchi, ziambatanishe na dokezo. Au geuza tatizo liwe mchezo: waambie herufi hizi nne zinatoa maneno matano, atakayeyaleta yote ndiye bingwa. Mimi napenda zaidi zile za jozi: *Nilimpanda mmoja nikaenda katika nyingine, herufi zilezile sita.* Farasi, safari.

Kama una mkono wa kuchezea herufi, jaribu pia ngazi ya maneno. Mchezo huo aliubuni mwandishi Mwingereza Lewis Carroll mwaka 1877: unapewa maneno mawili, unatoka la kwanza kwenda la pili kwa kubadili herufi moja kila hatua, na kila hatua iwe neno kamili. Kutoka BABA hadi MAMA ni hivi: baba, haba, hama, mama. Tunga zako kuanzia chini kwenda juu pia, uone kama hakuna njia fupi kuliko uliyoikusudia. Mfumbuaji akikushinda kwa hatua moja hutalala.

Nataka kutengeneza mchezo wa kukisia neno la herufi tano. Nitaambiwa nimeiba Wordle?

Jina usichukue, wala rangi na mwonekano wake. Wazo lenyewe la kukisia neno ni la watu wengi. Josh Wardle aliuweka mchezo wake hadharani mwaka 2021, na New York Times wakaununua Januari 2022, lakini mchezo wa Jotto, ambao nao ni wa kukisia neno la herufi tano, ulikuwepo tangu 1955. Kwa kawaida haki za mtunzi hulinda kilichoandikwa na kuchorwa, hazilindi wazo la mchezo. Vidokezo na michoro ya mwenzako ndivyo vya kutogusa.

Swali ambalo hukuuliza ni zuri zaidi: je, tano inafaa kwa Kiswahili? Inafaa sana. Maneno ya herufi nne mengi ni konsonanti-irabu mara mbili, yanachosha upesi. Ya herufi tano lazima yavunje zamu mahali fulani: ndege inavunja mwanzoni, simba katikati, elimu inaanza na irabu. Mchezaji atajua kwamba herufi ya mwisho ni irabu, basi, mengine ayatafute.

Programu za kompyuta na akili unde zinaweza kunitungia?

Kupanga maneno kwenye visanduku, ndiyo, zinaokoa muda. Kuamini orodha ya maneno zinayokuletea, hapana. Utaletewa neno lisilo katika kamusi yoyote, au lenye herufi saba likiitwa la herufi sita. Kagua moja baada ya jingine. Na kama unatunga lile la maneno yaliyofichwa ndani ya bahari ya herufi, usiiruhusu programu ijaze mapengo ovyo. Ikimwaga Q, X na konsonanti nne mfululizo, maneno ya Kiswahili yatajitokeza yenyewe bila kutafutwa. Jaza kwa herufi zilezile zinazounda maneno yako, A nyingi, kisha pitia kwa macho uhakikishe hakuna tusi lililojitunga humo.

Nikiweka fumbo kwenye kundi la WhatsApp, ndani ya dakika mbili mtu mmoja anamwaga majibu yote. Wengine wanakata tamaa. Nimzuieje?

Kwanza, kabla hujalituma kundini, mpe mtu mmoja au wawili walijaribu mbele yako. Kaa kimya, usimsaidie hata kwa kukohoa. Pale atakapokunja uso kwa muda mrefu ndipo pa kurekebisha. Akileta jibu usilolifikiria lakini linalokaa sawa, rekebisha dokezo, usibishane naye. Majibu yako yatume siku nyingine, na uyaweke kwenye picha yao peke yao.

Kuhusu huyo mwenye haraka, kumfokea hakusaidii. Badilisha unachokiomba. Sema hutaki majibu kundini: aliyefumbua athibitishe kwa kuandika dokezo jingine la jibu lilelile. Aliyekwisha kulipata ataelewa papo hapo kwamba mwenzake naye amelipata, na aliyekwama atakuwa ameongezewa mwanga bila kuharibiwa raha. Kwa lile la nyumba na porini, kwa mfano, mtu anaweza kuandika: *Rubani angeweza kuiamuru hivi ndege yake.*