Maswali na Majibu: Simu Nzuri Isiyoshika Mtandao

Barua nyingi nilizopokea safari hii zinalalamikia jambo moja, nalo ni simu ya bei kubwa, yenye umbo la kupendeza, ambayo mtandao wake unasumbua. Nimechagua tano kati ya hizo.

Swali: Kaka yangu ananikataza kuishika simu kwa kuifumbata chini, eti nafukuza mtandao. Mimi naona ni imani tu. Ukweli ni upi?

Kaka yako yuko sahihi. Mwili wa binadamu, ambao sehemu yake kubwa ni maji yenye chumvi, hufyonza mawimbi ya redio, na kiganja kinapoikaribia sana antena huivuruga pia, hata isiitikie vizuri masafa iliyoundiwa. Hakuna simu iliyosalimika na jambo hili. Simu hutofautiana katika kiasi cha hasara tu.

Kisa kinachofundisha zaidi ni cha iPhone 4, iliyoanza kuuzwa tarehe 24 Juni 2010. Ukanda wa chuma cha pua uliozunguka ubavu wa simu ile ulikuwa ndio antena yenyewe, kipande kimoja kikihudumia Wi-Fi, Bluetooth na GPS, na kingine kikihudumia mawasiliano ya minara. Ukiitazama kwa karibu unaona mwanya mweusi, mwembamba, ubavuni chini upande wa kushoto, mahali ambapo vipande hivyo vinakaribiana bila kugusana. Sasa ishike simu kwa mkono wa kushoto kama mtu anayezungumza: nyama ya kiganja, chini ya kidole gumba, inakaa juu ya mwanya huo hasa, na ngozi, hasa yenye jasho, inaviunganisha vipande viwili vilivyokusudiwa kutengana. Tovuti ya AnandTech ilipoipima, iPhone 4 iliyoshikwa kwa namna ya kawaida ilipoteza takriban desibeli 20 (desibeli ni kipimo cha kupanda au kushuka kwa nguvu ya mawimbi), ilhali iPhone 3GS iliyoitangulia ilipoteza takriban 2 tu. Kupoteza desibeli 20 maana yake ni kubaki na sehemu moja ya mia ya nguvu iliyokuwapo.

Swali: Simu yangu huonyesha mtandao umejaa, kisha ghafla unaisha na mazungumzo yanakatika. Inawezekanaje?

Vile vijiti vilivyo juu ya kioo si kipimo rasmi. Kila kampuni hujiamulia kijiti kimoja kisimame badala ya nguvu kiasi gani, na uamuzi huo unaweza kumpotosha mwenye simu. Katika iPhone 4 ilivyotoka kiwandani, vijiti vitano vilionyeshwa kuanzia nguvu ya -51 dBm hadi -91 (dBm ni kipimo cha nguvu ya mawimbi ambayo simu inayapokea, na -91 ni hafifu kuliko -51), yaani nafasi ya desibeli 40 nzima, na vinne vilivyosalia vikabanwa ndani ya desibeli 22 tu. Mtu aliyekuwa karibu na mnara angeweza kupoteza desibeli 20 na asione badiliko lolote, lakini mwenzake aliyekuwa na -91, akiwa na vijiti vitano vilevile, angeifumbata simu na kuviona vyote vikianguka.

Apple, kampuni inayotengeneza iPhone, ilikiri tarehe 2 Julai 2010 kwamba hesabu yake ya vijiti ilikuwa na kosa, na siku chache baadaye ikatoa sasisho la programu lililoirekebisha. Marekebisho hayo yalikuwa ya haki, ila yalirekebisha picha ya tatizo na kuliacha tatizo lenyewe mahali pake. Ukitaka kujua hali halisi katika simu ya Android, fungua mipangilio, nenda kwenye taarifa za simu, kisha hali ya laini, usome namba ya dBm. Kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo mtandao ulivyo na nguvu; -80 ni nzuri, -110 ni hafifu. Iweke simu mezani uisome, kisha ifumbate usome tena.

Swali: Je, si kweli kwamba wasanifu hutoa utendaji kafara kwa ajili ya urembo?

Mara nyingine ndivyo, lakini kisa hiki cha iPhone 4 hakinyooki hivyo. Kuiweka antena nje ya simu kulikuwa na faida ya kweli: kulipunguza unene, kukaipa antena nafasi ambayo haikupatikana ndani, na AnandTech haohao walioupima upungufu ule walieleza kwamba simu ile iliweza kushikilia mazungumzo mahali penye mtandao dhaifu kuliko 3GS. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema ulikuwa urembo mtupu.

Kosa ninaloliona ni la aina nyingine, na kwangu ni zito zaidi. Simu ni chombo cha kushikwa, na mkono wa mtumiaji ni sehemu ya simu kama kilivyo kioo au betri. Steve Jobs, mkuu wa Apple wakati huo, alipomjibu mteja kwa barua pepe kwamba aepuke kuishika kwa namna ile, alimtaka mtu airekebishe tabia ya mwili wake ili chuma kibaki wazi. Jarida la Consumer Reports, linalowapimia wanunuzi bidhaa, lilikataa kuipendekeza simu hiyo, na tarehe 16 Julai Apple ikatangaza kuwapa wateja kava bure. Kava hilo lilikuwa ukingo wa mpira na plastiki uliotenganisha kiganja na chuma, na kwa vipimo vya AnandTech lilishusha hasara kutoka takriban desibeli 20 hadi takriban 7. Kipande hicho cha mpira ndicho kilichoufunika ukanda uliosifiwa sana siku ya uzinduzi. Dawa ya kudumu ilikuja na iPhone 4S ya Oktoba 2011: ukanda wa chuma ulibaki nje, lakini simu iliweza kuhama kutoka antena moja kwenda nyingine pale moja inapozidiwa. Uzuri ulibaki, na mkono ukapewa nafasi yake.

Swali: Kwa nini kitochi cha bibi kijijini kinapiga simu vizuri wakati simu yangu janja inahangaika?

Mara nyingi vifaa hivyo viwili havitumii mtandao mmoja. Kitochi hukaa kwenye 2G, ambayo huku kwetu kwa kawaida hurushwa pia katika masafa ya 900 MHz, na masafa ya chini hufika mbali zaidi na kupenya kuta kuliko ya juu kama 1800. Simu yako hung'ang'ania 4G hafifu, ikiongeza nguvu ya kurusha mawimbi na kumaliza chaji. Tena mwili wake umejaa chuma, kamera na betri, na antena zimebanwa pembezoni, ilhali kitochi cha plastiki hakizuii chochote. Ukiwa kijijini na unataka kuzungumza tu, chagua 2G kwenye mipangilio ya laini.

Swali: Nyumba yetu ni ya mabati juu na kuta zote. Ndani hakuna mtandao kabisa. Je, nibadilishe simu?

Hapana, usitumie fedha zako huko. Bati huyarudisha mawimbi yalikotoka, na yanayoingia hupita madirishani na mlangoni, ndiyo sababu katika nyumba nyingi utaikuta simu imetundikwa dirishani ndani ya mfuko mdogo. Itundike yako upande unaoelekea mnara, uivue kava kama lina bamba la chuma, na uzungumze kwa kutumia spika za masikioni ili kiganja kisiikaribie. Ukihitaji intaneti kwenye kompyuta, washa huduma ya kugawa intaneti uiache simu palepale dirishani. Wi-Fi yake itakufikia mezani bila shida, kwa kuwa hapo katikati hakuna bati.