Re: Mto Kilombero unakula shamba langu, nimwage kifusi?

Mkuu pole sana, ila hapo kwenye kumwaga kifusi na kujenga ukuta wa mawe mwaga kwanza hilo wazo, maana maji yakigonga ukuta yanahamia kwa jirani yako wa chini na pia yanachimba mguu wa huo ukuta, mvua za masika mbili tu umelala, na samaki ndo basi tena hawana kivuli wala pa kujificha.

Fanya hivi, kiangazi maji yakishuka lainisha ile kingo iliyosimama wima iwe mteremko, halafu chini kabisa maji yanapogonga laza magogo yenye mizizi yake uyafunge kwa vigingi, hapo perege na kambale watakushukuru. Pembeni ya maji panda matete, juu yake vetiva (yale majani marefu ya kushika udongo) mistari ya kukingama mteremko, shina hadi shina sentimita 10 mpaka 15 usibane pesa hapo, mizizi yake inashuka mita 2 hadi 3. Mikuyu weka mbali kidogo, vetiva haipendi kivuli. Mvua zikianza ndo unapanda, sio jua kali.

Ng'ombe wasikanyage hapo kabisa!! Na ile miti iliyoangukia mtoni usiing'oe.

Halafu sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu kingo ndani ya mita 60 toka mtoni, kwahiyo pitia ofisi ya Bodi ya Maji Bonde la Rufiji, ndo wanaosimamia maji ya Kilombero, kabla hujashika jembe.